Nilipaka Siri Zangu Rangi ya Kitenge, Kwaya Ikazisoma

Wenzangu, uso wangu leo umebaki Campbelltown. Atakayeuokota anirudishie. Niko jikoni kwangu Seven Hills, hapa Sydney, sare ya kwaya bado iko mwilini, na simu haiachi kulia. Kila anayepiga anauliza swali moja tu: "Godeliva, kwako kuna chumvi?" Kisha anacheka na kukata.

Ngoja nianze mwanzo. Nikianza na chumvi hamtanielewa.

Wengi mnanijua. Mama Anitha, yule Mrundi wa sauti ya pili anayepanga maboksi ghalani. Miaka sita nimesimama kwenye ghala lile na mgongo wangu sasa unatabiri mvua. Mwaka jana nikajiandikisha chuo cha Campbelltown kusomea kuandika programu za kompyuta. Watu walicheka. (Mama wa miaka thelathini na tisa, darasa moja na watoto wenye chunusi!) Nikaziba masikio, nikaenda.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wanafunzi wanane tuonyeshe kazi zetu mbele ya watu, na kampuni moja ichague mmoja wetu, mmoja tu, akafanye kazi kwao mwaka mzima huku akiendelea kujifunza. Kazi ya kukaa! Kwenye kiti! Nilikitaka kile kiti, jamani. Nilikitaka mpaka nikawa nakiota, kina magurudumu na mahali pa kuweka mikono.

Kazi yangu niliyopeleka ni programu inayoitwa Zamu. Inapanga nani apike nini Jumapili baada ya ibada, nani alete vinywaji, nani aongoze wimbo, nani awabebe wasio na gari. Kwaya yetu wanaitumia kwenye simu zao mwezi wa nne sasa. Zamani tulikuwa tunapangana kwa mdomo, na Jumapili moja tukajikuta na sufuria saba za wali bila mboga hata ya kunusa. Tangu Zamu ianze, hakuna ugomvi. Kompyuta ikisema mlete maharage, mnaleta maharage.

Sasa kuna habari ya rangi, na hii ndiyo iliyonimaliza.

Programu unaiandika ndani ya programu nyingine, wanaiita edita. Humo maandishi yana rangi ili jicho lisipotee: amri rangi hii, namba rangi ile. Na rangi hizo unaweza kuzibadilisha upendavyo. Mpangilio mzima wa rangi unaitwa themu. Wenzangu darasani walichagua themu nyeusi iliyokuwepo, wakaendelea na kazi. Mimi je? Mimi natoka kwa watu wanaoshona sare hata kwa harusi ya binamu wa jirani. Ningekaaje miezi yote mbele ya rangi ambayo sikuichagua?

Nikachukua kitenge cha kwaya. Kile cha zambarau chenye maua ya njano na majani ya kijani, tulichokinunua Cabramatta kwa yule mama Mvietinamu ambaye hutuongezea nusu mita tukimwimbia. Nikakipiga picha, nikatafuta namba ya kila rangi, maana kwenye edita rangi huandikwa kwa herufi na namba sita. Zambarau ikawa rangi ya nyuma. Amri zikawa njano. Namba zikawa kijani. Kazi hiyo ilinichukua wiki nzima! Programu yenyewe ilikuwa na kosa mstari wa mia mbili na kumi, inaomba msaada, na mimi nipo natafuta njano ya kweli. (Njano ya kwanza ilitoka ya ndizi. Ya pili ilitoka ya mtu mgonjwa wa ini. Ya tatu ndiyo kitenge.) Themu nikaipa jina: Sare.

Ilipendeza. Siwezi kujifanya mnyenyekevu. Nilikuwa nafungua laptop kwenye treni ili watu waione tu.

Mwalimu wetu, Stavro, ni Mgiriki mzaliwa wa hapahapa Sydney, mtu mwema sana na mpenzi mkubwa wa kitunguu saumu. Yeye ndiye aliyetufundisha komenti. Ndani ya programu unaweka mikwaju miwili, yaani vistari viwili vya mshazari, kisha unaandika chochote unachotaka, na kompyuta inakiruka kana kwamba haijakiona. Ni maneno ya mtu kwa mtu, ya kueleza ulikuwa unafanya nini. Stavro alisema, "Andikeni mlichokuwa mnafikiri." Mimi ni mtii. Nikaandika nilichokuwa nafikiri. Chote! Kwa Kiswahili.

Shida ilikuwa Mama Zawadi.

Mama Zawadi ndiye kiongozi wa kwaya yetu. Ni Mkongomani wa Uvira, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya kuwaamsha zimamoto. Anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee karibu na chuo, kwa hiyo mara nyingi tunapanda treni moja na hukaa kando yangu. Na Mama Zawadi husoma kila chenye herufi. Tangazo la treni, kopo la maziwa, ujumbe wa jirani. Hasomi kimoyomoyo, husoma kwa sauti. Siku moja akaegemea bega langu akaanza kuisoma komenti yangu taratibu, "Ee Mungu, mstari huu..." Nikafunga laptop haraka ikambana kidole.

Jioni ile nikapata wazo. Nikaingia kwenye Sare, nikatafuta rangi ya komenti, nikaandika namba ileile ya rangi ya nyuma. Zambarau juu ya zambarau. Yote yakatoweka! Maneno yapo, lakini jicho haliyaoni. Nilitembea jikoni mikono kiunoni, nimejiona profesa. Kuanzia siku hiyo nikawa naandika bila woga mambo ambayo mtu hamwambii hata mchungaji wake.

Alhamisi nikamtumia Stavro faili langu la mwisho. Akanijibu: "Komenti nyingi sana, Godeliva, safi kabisa!" Nikajiuliza amezionaje. Kisha nikasema ah, mwalimu ni mwalimu, ana macho yake. Nikamwandikia asante. (Mtu akikusifu humhoji.)

Basi. Leo asubuhi.

Nilikuwa nimemwalika Mama Zawadi peke yake, kwa heshima. Nilisahau kwamba kwetu ukimwalika mmoja umetangaza. Kufika stesheni ya Seven Hills nawakuta kumi na wawili, wamevaa sare, na vitafunwa. "Tumekuja kukusindikiza!" Moyo uliyeyuka, nisiwadanganye. Karibu nilie hapo kwenye ngazi.

Tukapanda. Binti yangu Anitha, ana miaka kumi na minne, Kiswahili anakisikia chote lakini kukijibu hajawahi, akakaa kando yangu akijifanya hatujui. Nikafungua laptop nimwonyeshe. Nikamnong'oneza siri yangu ya zambarau.

"Mum," akasema, "that's only on your laptop."

"Ndiyo, mwanangu, kwenye laptop yangu tu," nikamjibu kwa fahari. "Sydney nzima hakuna mwingine mwenye nayo."

Akafungua mdomo aongeze kitu. Wakati huohuo treni ikasimama Glenfield, ndipo pa kubadilishia, na Mama Zawadi akaanzisha wimbo wa kushukia. Anitha akafunga mdomo, akavaa kofia ya sweta mpaka puani. Ningemsikiliza mtoto yule, leo ningekuwa mtu.

Tukafika. Ukumbi wa chuo umejaa wazazi, na mbele kuna ukuta mweupe na projekta. Kwaya ikachukua safu mbili nzima. Mezani mbele alikaa mama wa ile kampuni ya kuchagua, Lorraine, nywele fupi nyeupe, miwani imefungwa kamba. Wanafunzi watatu walinitangulia. Hakutabasamu hata kidogo. Alikuwa akiandika tu. Mmoja alipomaliza akamwuliza, "Kuna mtu yeyote anaitumia programu hii?" Kijana akasema, "Bado." Lorraine akaandika neno moja, fupi.

"Godeliva!"

Nikasimama. Nikaweka laptop mezani, nikachukua waya wa projekta. Haukuingia. Nikaugeuza. Haukuingia. Laptop yangu ni ya mkono wa pili, tundu lake ni la enzi nyingine, na waya wa chuo ni wa kisasa. Nikaukazania kama naua nyoka.

"No worries!" Stavro akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Faili lako ninalo. Nalifungua kwenye kompyuta ya chuo."

Wenzangu, nilimshukuru! Nilimshukuru kwa mikono miwili! Hata nikawageukia kwaya nikawaambia kwa Kiswahili, "Sasa mtaona sare yetu ukutani." Wakapiga makofi.

Stavro akabonyeza.

Ukuta ukawa mweupe. Mweupe pe, kama shuka la hospitali. Hakuna zambarau, hakuna ua. Weupe huo ulikuwa rangi ya edita yake yeye. Na katikati ya ule weupe, kila komenti yangu, ile niliyoifukia kwa miezi minne, imesimama pale kwa kijani. Kijani kibichi! Na Stavro, kwa wema wake, akaongeza ukubwa wa herufi ili wa nyuma nao waone.

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Anitha. Rangi haziendi na faili. Sare nilikuwa nimeivalisha laptop yangu tu. Faili lenyewe nilimtumia mwalimu likiwa uchi.

Nikajipa moyo. Nikasema, Godeliva, tulia. Lorraine hajui Kiswahili. Stavro hajui Kiswahili. Wazazi wa watu hawajui Kiswahili. Wanaojua ni kwaya tu.

Ni kwaya tu!

Sasa mnajua ilivyo kanisani kwetu. Maneno ya nyimbo hutupwa ukutani kwa projekta, na sisi miaka yote tumezoea hivi: Kiswahili kikitokea ukutani, mnasoma. Wote. Kwa sauti. Huulizi, huwazi. Kuna Jumapili fundi mitambo alibandika tangazo la funguo za gari zilizopotea, tukaliimba lote, na sauti ya nne wakaweka besi.

Nikaona Mama Zawadi anavuta pumzi. Nikaona mkono wake unapanda. Nikatikisa kichwa. Akadhani nampa sauti ya kuanzia.

Kwaya ikasoma, watu kumi na wawili, kwa mpigo mmoja:

"EE MUNGU, MSTARI HUU SIJUI UNAFANYA NINI. NIKIUFUTA KILA KITU KINAKUFA. NAUACHA MIKONONI MWAKO."

Na wote wakamalizia, "AMINA!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Stavro alikuwa ameguswa kweli. "Hiyo ni baraka?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ni baraka."

(Mungu anisamehe. Ingawa, ukifikiria vizuri, ilikuwa sala.)

"Nzuri sana! Tuendelee," akasema, akashusha ukurasa. Nilimshika mkono. Nikamwambia pale juu panatosha. Akasema usiwe na aibu, Godeliva. Akashusha tena.

"STAVRO AMEPITA MARA YA TATU. KITUNGUU SAUMU KIMETANGULIA, YEYE KAFUATA. JIFANYE UNAANDIKA."

Safari hii sauti ya tatu walianza kushtuka katikati, lakini mazoea ni mazoea, walimaliza. Mtu mmoja nyuma akaguna. Nadhani ni Anitha.

"Nimesikia jina langu?" akauliza Stavro, uso wote umenawiri.

"Ni... ni shukrani kwa mwalimu."

Akaweka mkono kifuani. Jamani! Mkono kifuani! Nilitamani ardhi ya Campbelltown inimeze, nikatokee upande wa pili wa dunia, nikiwa na jina jingine. Na kidole chake bado kiko kwenye kipanya. Na mimi najua kinachofuata, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika. Ukurasa ukapanda. Mstari wa mia mbili na kumi ukaingia ukutani.

Kwaya ikavuta pumzi.

"MAMA ZAWADI ASIPEWE SOMBE KAMWE!"

Lo! Ile "kamwe" ilianza na watu kumi na wawili ikaisha na watano. Nilisikia sauti zikianguka moja baada ya nyingine. Sauti ya kwanza ikafa. Sauti ya nne ikafa. Kila mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Ila Mama Zawadi mwenyewe alikuwa ameacha miwani nyumbani, yuko nyuma ya wenzake kwa maneno matatu manne. Akaendelea peke yake, polepole, mkono bado uko juu unaongoza watu ambao hawapo:

"Sombe... yake... haina... chumvi. Mpe... soda."

Mkono ukashuka.

Nitawaeleza msiojua. Sombe ni majani ya mihogo, na kwa Mkongomani sombe ni heshima yako. Sombe ya Mama Zawadi, kwa miaka yote, haijaonja chumvi, au munyu kama anavyoiita yeye. Tunaila kwa upendo, tukitazama chini. Nilipoandika Zamu nikaweka sheria ndogo kwenye mstari ule: ikifika zamu ya Mama Zawadi, programu isichague chakula, impe soda moja kwa moja. Miezi minne kila Jumapili mama yule amekuwa akiingia kanisani na kreti ya soda. Na kila Jumapili amekuwa akisema, "Hii kompyuta inapenda soda zangu sana."

Lorraine akavua miwani. "Samahani," akasema, "nini kimetokea? Maandishi hayo yanasema nini?"

Nikafungua mdomo. Kiingereza kilinikimbia, Kiswahili kikakimbia nacho, hata Kirundi cha mama yangu hakikubaki.

Mama Zawadi akasimama.

"Tulia," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Mimi njo nitatafsiri."

Nikaona kiti changu kinaondoka. Kweli nilikiona, na magurudumu yake, kinabingirika kutoka nje ya mlango. Kazi yangu iko mikononi mwa mama niliyemnyima sombe miezi minne! Na ana haki. Angesema lolote, ana haki. Machozi yalinilenga, na si ya kiti peke yake. Nilikuwa nimemwaibisha mtu aliyeamka saa kumi na moja kunisindikiza.

Akapandisha kitenge kiunoni, akamtazama Lorraine.

"She write," akasema kwa Kiingereza chake cha jikoni, "Mama Zawadi, no cooking sombe. Never. No salt. Give her soda."

"Oh," akasema Lorraine. "Na Mama Zawadi ni nani?"

"Me."

Lorraine akanitazama mimi, akatazama ukuta, akamtazama tena Mama Zawadi.

"Na hiyo programu," akauliza taratibu, "mnaitumia?"

"Every Sunday! Four months!"

"Na hii sheria ya soda... inafanya kazi?"

"Eh!" Mama Zawadi akatupa mikono juu. Sauti ikarudi ileile ya zimamoto. "Very, very working! Every Sunday, soda. Soda, soda, soda. No mistake! I go to pastor, I say, pastor, why me only soda? Pastor say, Mama, computer choose. So me, I obey."

Lorraine akainamisha kichwa mezani. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani anaumwa, nikasogea nimsaidie. Akainua uso: amelia mpaka uso umelowa! Anacheka! Yule ambaye tangu asubuhi hakuonyesha jino! Stavro naye akaanza, ingawa hakujua bado habari ya kitunguu. Kisha kwaya. Kwaya ikicheka, wenzangu, inacheka kwa sauti nne.

Alipopata pumzi Lorraine akaomba ukurasa urudishwe kwenye ile komenti ya juu kabisa. "Na ile baraka? Inasema nini hasa?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba mstari ule siujui unafanya nini, nikiuondoa kila kitu kinazimika, basi nimemwachia Mungu.

"Na uliandika hivyo? Kwamba hujui?"

"Ndiyo."

"Wote waliotangulia leo," akasema, "wameniambia wanajua kila kitu." Akaandika. Safari hii aliandika mistari mingi.

Wanne waliobaki wakaonyesha kazi zao, kisha tukasubiri kama nusu saa. Mama Zawadi alikaa na mkoba wake magotini, ametazama mbele, na mimi sikuthubutu kumsogelea. Wenzake wakanigawia maandazi kwa macho ya kuniombea.

Kisha Lorraine akasimama. Akasema wanataka mtu ambaye kazi yake tayari inatumiwa na watu halisi, imefanya kazi miezi minne bila kukosea, na ambaye mtumiaji aliyeonewa mwenyewe amepanda treni mbili kuja kuitetea. Akataja jina langu vibaya sana. Sijawahi kusikia jina langu likipendeza vile.

Nani alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele? Mama Zawadi! Kilipasua ukumbi! Anitha akavua kofia ya sweta, akanikumbatia mbele ya watu wote, na akasema kwa Kiswahili, naapa, kwa Kiswahili: "Hongera, Mama." Nikalia kwa fujo, sare yote ikalowa. (Lorraine aliongeza sharti moja: kazini kwao komenti ni za Kiingereza. Rangi niweke nipendavyo. Anitha naye alimweleza Stavro habari ya kitunguu, akacheka, lakini nimeona amekula pipi ya mnanaa.)

Sasa treni ya kurudi. Mama Zawadi akaja akakaa kando yangu, palepale anapokaa siku zote.

"Fungua hiyo mashini," akasema.

Nikafungua. Zambarau yote ikajaa skrini.

"Iko ya kupendeza," akasema. "Sare yetu kabisa." Kisha akanigeukia. "Godeliva, kompyuta ulimwambia. Mimi juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa kukuumiza, Mama."

"Munyu daktari alimukatazaka mzee wangu, juu ya presha. Miaka kumi napika bila munyu. Na kule kazini wazee nao hawapewi. Ulimi umezoea, siko najua tena. Ungesema tu, 'Mama, munyu.' Ningetia. Neno moja! Weye umeandika programu nzima."

Nikamshika mkono, nikamwomba msamaha, akaufinya mkono wangu mpaka vidole vikalia. Kisha akanielekeza kwenye skrini. Nikabadilisha rangi ya komenti zikawa njano, ile njano ya kweli, zikaonekana zote. Tukautafuta mstari wa mia mbili na kumi. Akasema niufute yeye akiona. Nikaufuta. Nikaiambia programu ichague upya zamu ya kesho, na yeye akajaribu kusoma kwa sauti, kichwa karibu kigonge kioo:

"Sombe... Mama... Zawadi!"

Behewa zima likashangilia. Hata watu tusiowajua walishangilia.

"Na soda?" nikamwuliza.

Akaivuta laptop magotini kwake. Akaandika sheria yake mwenyewe, mimi nikimwelekeza, kidole kimoja, kuanzia Merrylands mpaka tunakaribia Seven Hills. Ina jina langu, na inakwisha Krismasi.

"Na munyu kesho," akasema akisimama kushuka, "usiogope. Nitatia ya miezi yote mine."

Basi msinicheke, hasa ninyi wa sauti ya kwanza. Njooni kesho baada ya ibada mnisaidie kula. Soda za kuteremshia ninaleta mimi.